Anza kuhesabu barazani

Familia moja ya Ngamiani, Tanga, inapeleka mahari Pangani. Gari lililopatikana lina nafasi tano mbali na dereva, na waliokwisha kuvaa ni wanane: Asha, Bakari, Chausiku, Fatuma, Hamisi, Juma, Mwanaidi na Sefu. Watano watapanda, watatu watabaki wamekaa barazani. Wazee wametoa masharti matano.

1. Asha na Bakari hawapandi pamoja.
2. Fatuma hapandi bila Hamisi.
3. Chausiku asipopanda, Mwanaidi anapanda.
4. Kati ya Juma na Sefu anapanda mmoja, na mmoja tu.
5. Sefu akipanda, Mwanaidi hapandi.

Swali la kwanza: ni nani ambaye hakosekani garini kwa vyovyote vile?

Mafumbo ya uteuzi ya aina hii huletwa kwenye majaribio ya kufikiri ya usaili wa kazi na kwenye mashindano ya chemshabongo. Marekani walikuwa nayo kwenye LSAT, mtihani wa wanaoomba kusoma sheria: sehemu nzima ya dakika 35 yenye mafumbo manne, mpaka ilipoondolewa Agosti 2024. Karatasi zake za zamani bado ni mazoezi mazuri kwa anayesoma Kiingereza.

Wengi wakipewa fumbo hili huanza kupakia gari. Asha ndani, basi Bakari nje, tumtie Fatuma, basi na Hamisi, na kadhalika, mpaka wanagonga sharti la tano na kufuta. Watu watano kati ya wanane, bila sharti lolote, wanaweza kuchaguliwa kwa njia 56. Zinazopita masharti yote hapo juu ni 9. Anayepapasa atakutana na mbovu mara tano kwa kila nzuri moja, na hata akiipata nzuri hajui kama kuna nyingine inayompinga.

Acha gari. Tazama baraza. Kule kuna nafasi tatu tu, na nafasi chache ndizo zinazobana. Sharti la kwanza linasema angalau mmoja kati ya Asha na Bakari yuko barazani: nafasi moja imekwenda. Sharti la nne linasema mmoja kati ya Juma na Sefu yuko barazani, si zaidi si pungufu: nafasi ya pili imekwenda. Imebaki moja, nayo inagombewa na Chausiku, Fatuma, Hamisi, Mwanaidi, pamoja na yule aliyesalia kati ya Asha na Bakari. Sasa mkalishe Hamisi barazani uone. Fatuma hapandi bila yeye, kwa hiyo anamfuata. Wawili wanataka nafasi moja, haiwezekani. Hamisi yuko garini, na hapo hujamgusa mtu mwingine yeyote.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ila kabla ya kufika barazani kuna uandishi wa masharti, na huko ndiko watu wengi wanakoharibu.

Kila mtu mpe herufi moja: A, B, C, F, H, J, M, S. Mtunzi mwema huchagua majina yasiyogongana herufi ya mwanzo. Ukikutana na Hamisi na Halima kwenye fumbo moja, andika herufi mbili, Hm na Hl, usijiamini kwamba utakumbuka. Kisha kila sharti liandike kwa mshale, na papo hapo, kwenye mstari huohuo, andika mgeuzo wake: pindua mshale, kanusha pande zote mbili.

A → si B, na B → si A.
F → H, na si H → si F.
si C → M, na si M → C.
S → si M, na M → si S.

Sharti la nne linabeba mishale miwili pamoja na migeuzo yake, kwa sababu linakataza wote wawili kupanda na pia linakataza wote wawili kubaki: J → si S, S → si J, si J → S, si S → J. Mwenye kuandika nusu ya kwanza tu atakuja kuwakalisha Juma na Sefu wote barazani bila kujua kwamba amevunja kitu.

Ukishaandika, unganisha mishale inayokutana kichwa kwa mkia. M → si S, na si S → J. Kwa hiyo M → J: Mwanaidi akipanda, Juma anapanda. Wazee hawakulisema hilo popote, lakini lipo, na ndilo litakaloulizwa.

Kuna makosa mawili ya mshale, na yote mawili ni ndugu. La kwanza ni kupindua bila kukanusha: kutoka F → H mtu anaruka kwenda H → F, anadhani Hamisi akipanda basi Fatuma naye yumo. La pili ni kukanusha bila kupindua: Fatuma asipopanda, basi Hamisi hapandi. Yote mawili yanasema jambo moja, nalo halikusemwa. Daladala ya Raskazone haiendi bila dereva. Dereva anaweza kwenda zake bila daladala, akanywe chai. Ukishika hiyo hutapindua tena.

Sasa Kiswahili chetu. Mafumbo mengi yanayozunguka yametafsiriwa vibaya, na ugumu wake hauko kwenye mantiki, uko kwenye neno moja lililokaa pasipo mahali pake. Linganisha haya: "Asha na Bakari hawapandi pamoja" na "Asha na Bakari wote hawapandi." La kwanza linamwacha mmoja apande, au wote wabaki. La pili linawakalisha wote wawili barazani moja kwa moja. Halafu kuna "Asha na Bakari hawapandi wote", ambalo msomaji mmoja atalisoma hivi na mwenzake vile, na wote wana haki. Ukilikuta kwenye karatasi ya mtihani, tazama majibu yaliyotolewa: kwa kawaida tafsiri moja itakuacha bila jibu hata moja, au na majibu mawili, na hapo unajua mtunzi alikusudia ile nyingine. Ukiwa wewe ndiye mtunzi, usiliandike kabisa.

"Au" nayo ina tabia zake. Mwenyeji akikuuliza "chai au kahawa?" anakutegemea uchague kimoja. Kwenye fumbo, "Chausiku au Mwanaidi anapanda" inaruhusu wote wawili wapande, mpaka pale itakapoongezwa "mmoja tu" au "si wote wawili". Sharti la tatu hapo juu ni hiyohiyo "au" iliyovaa nguo nyingine: "Chausiku asipopanda, Mwanaidi anapanda" maana yake angalau mmoja wao yumo. Wasomaji wengi huliona na kudhani Chausiku akipanda basi Mwanaidi anabaki. Hapana. Chausiku akipanda, sharti limenyamaza. Mwanaidi afanye atakavyo.

"Ikiwa tu" ndiyo inayoangusha watu wengi zaidi. "Fatuma anapanda ikiwa tu Hamisi anapanda" ni F → H, mshale uleule wa "hapandi bila". Lakini sikio linasikia "ikiwa Hamisi anapanda" na kuanzia mshale hapo. Dawa ni kuibadilisha kichwani kila unapoikuta: "X ikiwa tu Y" iandike "X haiwi bila Y", kisha chora mshale kutoka X. "Mpaka" vilevile: "Fatuma hapandi mpaka Hamisi apande" ni mshale huohuo, ingawa ndani yake kuna harufu ya nani atangulie. Kwenye fumbo la kuchagua tu, harufu hiyo ipuuze. Kwenye fumbo la kupanga foleni, ndiyo kiini.

"Isipokuwa" mimi ningeifuta kwenye mafumbo ya Kiswahili. "Asha anapanda isipokuwa Bakari akipanda." Bakari asipopanda, Asha anapanda, hilo halina ubishi. Lakini Bakari akipanda, je, Asha lazima abaki, au hatuambiwi? Mazungumzo ya kawaida yanasema lazima abaki. Vitabu vya mantiki vinasema hatuambiwi. Andika "Bakari asipopanda, Asha anapanda", na kama unataka upande wa pili uongeze kwa sentensi yake.

Jambo moja zaidi la lugha, ambalo Waingereza hawana. "Anapanda" haisemi kama ni mwanamke au mwanamume. Fumbo lenye sharti la "angalau wanawake wawili" lazima liwataje wanawake kwa majina, kwani jina kama Baraka au Amani halimalizi ubishi. Kama halikutaja, usijaze mwenyewe.

Na usijaze kingine chochote. Kwenye maisha ya kweli shangazi akisema anakwenda, anakwenda hata akiwa wa sita, na Fatuma na Hamisi pengine ni mtu na mumewe ndiyo maana hawaachani. Karatasi haijui hayo. Asiyetajwa kwenye sharti lolote yuko huru kabisa, na kwa sababu hiyo huwa muhimu: ndiye anayejaza nafasi pale wengine wanapobanwa. Katika fumbo letu hakuna mtu wa namna hiyo, kila mmoja ameguswa na sharti moja au mawili, ndiyo maana limebana mapema.

Turudi barazani tumalize. Tumeona nafasi mbili zimeshachukuliwa, moja na A au B, moja na J au S. Nafasi ya tatu ndiyo inayoamua kila kitu, na wanaoweza kuikalia ni wachache mno:

Wakibaki Asha na Bakari wote wawili, baraza limejaa. C, F, H na M wote wako garini. Mwanaidi yumo, kwa hiyo Juma yumo. Msafara mmoja tu.

Akibaki Chausiku, Mwanaidi yumo, Juma yumo, pamoja na Fatuma na Hamisi, na wa tano ni Asha au Bakari. Misafara miwili.

Akibaki Fatuma, ni Chausiku, Hamisi, Mwanaidi, Juma, na tena Asha au Bakari. Miwili.

Akibaki Mwanaidi, ndipo Sefu anapopata nafasi. Chausiku, Fatuma, Hamisi, halafu Juma au Sefu, halafu Asha au Bakari. Minne.

Jumla 9, na imechukua mistari minne. Jedwali hili dogo likishakuwepo, maswali yanajibika kwa kutazama tu. Sefu akipanda, nani hakika wanabaki? Juma na Mwanaidi, na wa tatu ni Asha au Bakari. Fatuma akibaki, nani hakika wanapanda? Chausiku, Hamisi, Mwanaidi na Juma. Asha na Sefu wanaweza kusafiri pamoja? Ndiyo, na Chausiku, Fatuma na Hamisi.

Angalia sharti la tatu limefanya nini katika hesabu yote hiyo. Halikufanya kitu. Lilikataza Chausiku na Mwanaidi kubaki wote, lakini nafasi iliyosalia barazani ni moja, kwa hiyo wasingeweza kubaki wote hata wazee wangenyamaza. Sharti limemezwa na idadi. Watunzi wanaolijua hili huuliza: "Sharti lipi likiondolewa halibadilishi chochote?" na anayepakia gari kwa kupapasa hawezi kulijibu hata akikaa saa nzima. Punguza gari liwe la watu wanne na baraza liwe la wanne, uone tofauti: sharti la tatu linaamka, kwa sababu sasa Chausiku na Mwanaidi wangeweza kubaki wote. Na Hamisi hana tena uhakika wa kupanda: Asha, Chausiku, Juma na Mwanaidi ni msafara halali bila yeye. Kwa hiyo soma idadi kabla ya kusoma masharti. Idadi nayo ni sharti, na mara nyingi ndilo kali kuliko yote.

Upande gani wa kuhesabu? Ule wenye nafasi chache. Ingekuwa wanachaguliwa watatu kati ya wanane, ungehesabu ndani ya gari. Wanne kwa wanne, anza na upande ambao masharti yanalazimisha watu waende. Sharti la "hawapandi pamoja" linajaza baraza; sharti la "angalau mmoja" linajaza gari.

Swali la "orodha ipi inaweza kuwa msafara?" lina njia yake na halihitaji jedwali. Usichukue orodha moja na kuipima kwa masharti yote. Chukua sharti moja na ulipitishe kwenye orodha zote, futa zilizoanguka, kisha nenda la pili:

(a) Asha, Chausiku, Fatuma, Juma, Mwanaidi
(b) Asha, Bakari, Chausiku, Hamisi, Juma
(c) Bakari, Fatuma, Hamisi, Juma, Mwanaidi
(d) Chausiku, Fatuma, Hamisi, Mwanaidi, Sefu

Sharti la kwanza linaua (b). La pili linaua (a), Fatuma yumo Hamisi hayumo. La tano linaua (d). Imebaki (c), na hakuna haja ya kuhakikisha zaidi kama muda unakimbia. Orodha hiyo usiitupe: ni msafara halali, unaweza kuutumia kama ushahidi kwenye maswali yanayofuata.

Maana maswali ni ya namna mbili, na kila namna ina ushahidi wake. Swali la "inawezekana" hujibiwa kwa mfano mmoja tu unaopita. Swali la "lazima" hujibiwa kwa kujaribu kulivunja: chukua kinyume chake, kikubali, fuata mishale mpaka kitu kipasuke. Kisipopasuka si lazima. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia Hamisi. Kosa la kawaida ni kuona jambo limetokea kwenye misafara mitatu uliyojaribu na kutangaza kwamba ni lazima. Juma yumo kwenye misafara 7 kati ya 9, na bado si lazima.

Halafu kuna kosa la kusahau kufuta. Swali la tatu linasema "ikiwa Sefu anapanda…", unaandika S kwenye mchoro mkuu, na swali la nne, ambalo halimtaji Sefu, unalijibu akiwa bado garini. Kila "ikiwa" ya swali ichoree mstari wake mpya pembeni ya swali lenyewe. Mchoro mkuu uguswe na masharti ya mwanzo tu.

Fumbo la makundi mawili ni kitu tofauti kidogo. Watu saba wanakwenda kisiwa cha Maziwe kutoka Pangani kwa mashua mbili, na kila mtu lazima apande moja. Hapa hakuna baraza. Asiyekuwa kwenye mashua ya kwanza yuko kwenye ya pili. Hivyo "si ya kwanza" iandike "ya pili" na mishale itarefuka yenyewe. Sharti kama "Zena akipanda ya kwanza, Kombo anapanda ya pili" lina mgeuzo "Kombo akipanda ya kwanza, Zena anapanda ya pili." Wasomaji huhitimisha kwamba Zena na Kombo wametenganishwa siku zote. Hawakutenganishwa. Wote wawili kwenye mashua ya pili ni halali kabisa. Kilichokatazwa ni wote kwenye ya kwanza. Hata lile fumbo la zamani la chui, mbuzi na majani lina mifupa hiyohiyo: kingo mbili za mto, na jozi moja tu inayoweza kuachwa bila mtu, chui na majani. Ukishaiona jozi hiyo, mbuzi anavuka kwanza bila mjadala, naye peke yake ndiye anayerudishwa njiani, na safari zote ni saba.

Namna ya mwisho haikuulizi nani bali njia ngapi. Kamati ya watu 5 kutoka wanawake 4 na wanaume 5, wanawake wasipungue 2. Njia inayovutia ni hii: chagua wanawake 2 kati ya 4, njia 6; halafu jaza nafasi 3 kwa yeyote kati ya 7 waliobaki, njia 35; zidisha, 210. Inapendeza na ni uongo mtupu, kwani kamati zote zinazowezekana kutoka watu 9, bila sharti, ni 126. Kilichotokea ni kwamba kamati yenye wanawake watatu imehesabiwa mara tatu, kila mara kwa jozi tofauti ya "wawili wa kwanza", na yenye wanne imehesabiwa mara sita.

Gawa kwa idadi kamili. Wanawake 2 na wanaume 3: 6 × 10 = 60. Wanawake 3 na wanaume 2: 4 × 10 = 40. Wanawake 4 na mwanamume 1: 1 × 5 = 5. Jumla 105. Kisha hakikisha kwa kupitia barazani: kamati zilizokataliwa ni zile zisizo na mwanamke, 1, na zenye mmoja, 4 × 5 = 20. Toa 21 kwenye 126, unapata 105 ileile.